Masega Yaliyosingiziwa

Karatasi ya kipimo ilikuwa na tarakimu tatu za kutazamwa. Kaboni monoksaidi, asilimia 0.04, kikomo ni 0.2. Haidrokaboni, sehemu 18 katika milioni. Kikomo ni 200. Ya tatu, iitwayo lambda, ilisoma 1.05, nayo hutakiwa iwe kati ya 0.97 na 1.03. Basi Toyota Corolla ya mwaka 2003, ambayo sumu yake haifiki hata robo ya kinachoruhusiwa, ikaangushwa kwa kosa la moshi. Nikaona hapana, hili lina lake.

Gari lilikuwa limeletwa kwenye gereji ndogo mjini Leicester, Uingereza, kwa fundi mzaliwa wa Mombasa aliyeanza kushika spana utotoni huko Majengo. Mwenye gari ni dereva wa basi mstaafu. Gereji nyingine ilikuwa imeshamwambia kwamba masega ya ekzosi, yale yanayosafisha moshi kabla haujatoka, yamekufa, anunue mapya, na masega mapya ni mamia ya pauni. Kwa gari la umri ule, ni sawa na kuambiwa aliuze kama chuma chakavu.

Fundi aliisoma karatasi akaguna. "Masega yakifa, hizi mbili za juu zinapanda. Hapa zimelala. Masega yako hai, mzee, yanasingiziwa tu."

Kipimo chenyewe, MOT, hufanywa kila mwaka gari likishatimiza miaka 3, na injini lazima ipate moto, kisha ishikiliwe kwenye mizunguko 2,500 hadi 3,000 kwa dakika. Lambda ni uwiano wa hewa na petroli: kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa, na hapo lambda huwa 1. Ikizidi, hewa ni nyingi. Ila mashine haiuoni uwiano huo moja kwa moja. Inaukokotoa kutokana na gesi nne inazozinusa kwenye mdomo wa ekzosi, oksijeni ikiwemo.

"Hapo ndipo watu wanapopotea," alisema fundi, akinionyesha kioo cha mashine yake. Oksijeni ilisoma asilimia 1.1. "Gari lenye masega mazima halitakiwi kufika hata nusu. Sasa jiulize hewa hii imeingilia wapi. Nimechomeka skana, sensa ya oksijeni ya mbele inapanda na kushuka vizuri, kwa hiyo injini inachanganya sawasawa. Hewa imeingia huku nyuma, njiani."

Akaliacha gari lipoe, na hakuwa na haraka hata kidogo. Baadaye akalipandisha kwenye jeki, akaliwasha, na kijana wake akaziba mdomo wa ekzosi kwa kitambaa kilicholowa, sekunde chache tu, akiachia na kuziba tena. Fundi alikuwa chini na chupa ya maji ya sabuni, akinyunyiza kila kiungo kuanzia mbele. Kiungo cha kwanza, kimya. Cha pili, kimya. Alipofika kwenye flenji iliyo nyuma ya silensa ya kati, povu likaota: vipovu vidogo vidogo vikatokeza pembeni mwa boliti, vikapasuka, vikaota vingine. Gasketi ilikuwa imeliwa na kutu upande mmoja. Chumvi wanayomwaga barabarani wakati wa baridi ndiyo kazi yake hiyo.

Nikamuuliza: kama gesi inatoka nje kwa nguvu, hewa inaingiaje ndani? "Gesi haitoki kwa mfululizo, inatoka kwa mipigo. Kila mpigo ukipita unaacha mvuto nyuma yake. Umewahi kunywa soda kwa mrija uliotoboka? Basi ndiyo hiyo."

Gasketi mpya, boliti mbili, kipimo tena. Lambda 1.00. Kaboni monoksaidi 0.04, ile ile ya mwanzo. Gari halikuwa limetakata zaidi ya lilivyokuwa. Lilichopata ni karatasi.

Si kwamba masega hayafi. Yanakufa, ila fundi hakubali kuyazika kabla ya kujua kilichoyaua. Plagi isiyochoma hupeleka petroli mbichi ikaungulie ndani yake, yakayeyuka. Injini inayokula oili huyapaka masizi na madini hadi yakazibika. Na lipo moja analolipenda, kwa kuwa ni rahisi na hakuna anayelitazama: thamostati iliyokwama wazi. "Injini haipati moto. Kompyuta inadhani bado asubuhi, inaongeza petroli. Kaboni monoksaidi inapanda, wanalaumu masega. Na masega yenyewe hayaanzi kazi mpaka yafike kama nyuzi 300. Unalileta gari baridi, unataka lifaulu?"

Bado nina maswali. Sheria hiyo hiyo iliyoliangusha gari hili safi hulitazama kwa macho tu gari lililoanza kutumika kabla ya Agosti 1975: lisipotoa moshi mzito, limepita. Na huku kwetu? Kenya hairuhusu gari la zaidi ya miaka 8 kuingizwa nchini, Uganda waliweka 15 mwaka 2018. Tunauliza umri. Lakini Corolla hii ya 2003 ingepigwa marufuku mlangoni, ilhali gari la miaka 5 linaweza kukatwa masega yake uchochoroni, yakauzwa kwa ajili ya platinamu, paladiamu na rodiamu zilizomo, kisha likaendelea na safari bila mtu kuuliza. Nilimweleza fundi hilo. Akafuta mikono. "Umri hauchafui hewa," alisema, na hakuongeza neno.

Kwa msomaji mwenye gari la zamani: ukiambiwa limeanguka kwa moshi, dai uoneshwe tarakimu zote, oksijeni pia. Kama kaboni monoksaidi iko chini na oksijeni iko juu, usinunue masega. Mwambie fundi aanze na maji ya sabuni.