Kujenga Nyumba Mlimani

Wilaya ya Rungwe ni nchi ya milima. Siku isiyo na ukungu, mtu akisimama Tukuyu huona mlima Rungwe upande wa kaskazini. Kilele chake kina urefu wa karibu mita 2,960. Upande wa kusini nchi inateremka mpaka Kyela, na huko mbali ziwa Nyasa linang'aa. Wageni husimama kutazama. Sisi tumezoea, lakini hata sisi hutazama.

Siku hizi watu wengi wanatafuta kiwanja cha kuona mbali. Kiwanja cha namna hiyo huwa ukingoni. Huwezi kuona mbali mpaka ardhi ishuke mbele yako. Kwa hiyo anayenunua mandhari nzuri hununua pia mteremko wake.

Mlima Rungwe ni volkano. Zamani sana ulitoa moto na majivu, na majivu hayo yakawa udongo wetu. Udongo huu una rutuba. Migomba, chai, kahawa na viazi hustawi. Lakini ni udongo mwepesi, nao hunywa maji mengi. Na maji hapa si haba: Tukuyu hupata mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na Aprili ndio mwezi wa mvua nyingi zaidi. Udongo ulioshiba maji huwa mzito, na chembe zake hazishikani tena. Kwenye tambarare utakaa pale pale. Kwenye mteremko huteleza.

Sasa tumtazame mjenzi. Ili apate mahali pa sawa, huchimba mlima nyuma ya nyumba na kutupa udongo mbele. Amefanya makosa mawili kwa jembe moja. Nyuma ameondoa udongo uliokuwa ukiuzuia ule wa juu. Mbele ameweka udongo uliolegea, usio na mizizi. Mara nyingi hukata na miti, ili ziwa lionekane dirishani.

Kisha huezeka bati. Tufanye hesabu. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 8 lina eneo la mita za mraba 80. Ikinyesha mvua ya milimita 50 kwa siku moja, paa hilo litamwaga lita 4,000. Hayo ni madebe 200! Kama hakuna mfereji, maji hayo huingia chini ya msingi, au huteremka kwa jirani wa bondeni. Jirani huyo hakununua mandhari yoyote.

Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe kutoka mlima Hanang, mkoani Manyara, yalifika mpaka mji wa Katesh. Watu zaidi ya 80 walikufa. Tope lile lilianzia juu mlimani, na waliofunikwa walikuwa chini. Aprili 2024, mkoani kwetu, tope la mlima Kawetere lilifukia nyumba na majengo ya shule katika kata ya Itezi, jijini Mbeya.

Je, mwenye kiwanja cha mteremkoni afanye nini? Ajenge mbali na ukingo. Ukuta wa udongo nyuma ya nyumba aulaze, usisimame wima. Juu ya nyumba achimbe mfereji, aupeleke kwenye korongo lenye mawe, si shambani kwa mwenzake. Apande matete na mianzi, na miti ya zamani aiache. Asitegemee migomba peke yake, maana mizizi yake haiendi chini sana.

Mlima unaotaka kuporomoka mara nyingi hutoa dalili. Ufa uliopinda kama mwezi mchanga hutokea juu ya nyumba. Miti huinama. Mlango uliokuwa ukifungika vizuri huanza kukwama. Chemchemi hutokea mahali pasipokuwa na maji, au maji yake hugeuka tope. Ukiona hivyo wakati wa mvua, usingoje kupambazuke. Toa watoto, waamshe majirani wa chini, kisha mpelekee habari mwenyekiti wa kitongoji.

Maswali ya kujadiliana

1. Katika kijiji chenu, maji ya mapaa huelekea wapi?
2. Pimeni paa la darasa lenu. Mvua ya milimita 50 ingetoa madebe mangapi?
3. Ni nyumba zipi zilizo chini ya mteremko uliochimbwa?