Mtafiti na Mtabiri Wakae Meza Moja

Mwezi ukiadimika, mialo ya Ziwa Victoria huchangamka jioni. Ndilo giza, siku ambazo wavuvi wa dagaa huzisubiri, kwa kuwa dagaa hufuata taa na taa haishindani na mbalamwezi. Mitumbwi ikishasambaa, mtu aliye ufukweni Mwanza au Musoma huona kama mji mwingine umewashwa majini. Bahati mbaya, saa za dagaa ndizo saa za radi.

Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji. Upepo huvuma kutoka ziwani, na mawingu ya mvua hujengeka juu ya nchi kavu. Usiku mambo hugeuka: ardhi hupoa, ziwa hubaki na uvuguvugu wake, na upepo wa nchi kavu huingia kutoka pande zote hadi ukakutana juu ya maji. Hewa inayokutana hivyo haina pa kwenda ila juu. Hapo huzaliwa dhoruba za usiku wa manane hadi alfajiri, mvuvi akiwa mbali na mwalo.

Mwaka 2016 mtafiti wa Ubelgiji, Wim Thiery, na wenzake walieleza katika jarida la Nature Communications kwamba dhoruba hizo hutoa dalili mapema. Ngurumo za alasiri kwenye nchi kavu inayolizunguka ziwa husaidia kukadiria usiku utakuwaje. Kwa hiyo picha za setilaiti za jioni zinaweza kumzindua mtabiri wa hali ya hewa kabla mitumbwi haijaondoka. Walionya pia kwamba dunia ikiendelea kupata joto, mvua kubwa zitazidi ziwani kuliko nchi kavu ya jirani.

Ila jarida halisomwi mwaloni. Kati ya ugunduzi na mvuvi yupo mtabiri wa zamu, ambaye ana saa chache za kuamua atoe tahadhari au asitoe. Akitahadharisha bure mara tatu, mara ya nne hatasikilizwa. Akinyamaza, watu watazama.

Mradi wa SWIFT, ulioongozwa na Chuo Kikuu cha Leeds, Uingereza, kuanzia 2017 hadi 2022, ulilishughulikia pengo hili. Senegal, Ghana, Nigeria na Kenya kila moja ilileta chuo kikuu pamoja na taasisi yake ya hali ya hewa. Mwaka 2019, jijini Nairobi, watafiti na watabiri walikaa chumba kimoja na kutabiri hali ya hewa ya siku hiyohiyo kwa zana mpya, zikiwemo picha za setilaiti zinazofika kila baada ya dakika 15. Mtafiti aliona nadharia yake ikipwaya mbele ya wingu halisi, na mtabiri akapata nafasi ya kuuliza. Kwa upande wa ziwa, mradi wa HIGHWAY wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani uliitumia rada ya Mwanza kuzichunguza dhoruba hizi.

Miradi hufika mwisho. Fedha zikikatika, mtafiti hurudi kwao na zana hubaki bila mwenye kuitunza. Ndiyo maana daraja kati ya mtafiti na mtabiri lazima lijengwe nyumbani, Tanzania. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinafundisha elimu ya hali ya hewa; Kigoma kuna Chuo cha Taifa cha Hali ya Hewa. Dkt. Ladislaus Chang'a, anayeiongoza Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, mwaka 2010 alichapisha pamoja na Pius Yanda wa chuo hicho cha Dar es Salaam utafiti kuhusu dalili za mvua wanazozitumia wakulima wa nyanda za juu kusini magharibi. Watu tunao.

Kinachotakiwa ni utaratibu wa kudumu. Mwanafunzi wa shahada ya uzamili apewe swali lililomshinda mtabiri wa zamu. Mhadhiri akae zamu wakati wa masika. Kila tahadhari ipimwe baadaye: ilitimia? Ilifika mwaloni kabla ya jioni? Majibu ya wavuvi yarudi darasani, yawe mwanzo wa utafiti unaofuata.

Giza lingine litaingia mwezi ujao, na taa zitawashwa tena majini. Anayezishika anastahili kujua, kabla hajasukuma mtumbwi, kile ambacho mawingu ya alasiri yameshakisema.