Jinsi ya Kuitambua Hitilafu ya Pampu ya Mkono kwa Dalili Zake

Wahenga walinena kwamba dalili ya mvua ni mawingu. Nami naongeza kwamba hata chombo hakifi ghafla bila kutoa ishara. Shida ni kuwa wengi wetu hatuzisomi ishara hizo, na siku kinapokatika kabisa ndipo twaanza kulaumiana.

Ndugu msomaji, huko Uingereza nyumba nyingi zina mtambo wa gesi wa kupasha maji na vyumba joto. Mitambo ya siku hizi ina kioo kidogo, na kukitokea hitilafu kioo hicho huandika herufi na namba. Mwenye nyumba hufungua kitabu cha mtambo wake na kutafuta maana. Hata hivyo namba moja yaweza kuwa na maana mbili kwa mitambo ya viwanda viwili, tena namba haimwambii mtu anunue nini. Inamwonyesha tu pa kuanzia kutafuta.

Sisi huku Kwale hatuna haja ya kupasha nyumba, joto la Mungu latutosha! Mtambo wetu ni pampu ya mkono. Hauna kioo wala namba, lakini nao husema kwa uzito wa mpini, kwa mlio na kwa maji yenyewe. Katika makala haya nitaeleza lugha hiyo.

PAMPU YENYEWE

Pampu nyingi za vijiji vyetu, kuanzia Diani hadi Msambweni na kuendelea, huitwa Afridev. Watu wengi hawajui kwamba pampu hii ina historia kubwa hapa kwetu. Katika miaka ya 1980 wilaya ya Kwale ilikuwa uwanja wa kujaribia pampu za mkono, katika mradi uliosaidiwa na serikali ya Sweden, Benki ya Dunia na Umoja wa Mataifa. Shirika la KWAHO lilifanya kazi ya kuwafunza wanavijiji, hasa akina mama, kuzitunza wenyewe. Mawazo yaliyoanzia Malawi yaliunganishwa na yaliyojifunzwa Kwale, ikatokea Afridev. Michoro yake haikufungiwa kampuni moja, basi leo inatumika katika nchi nyingi za Afrika na Asia.

Shabaha ilikuwa pampu ambayo mwanakijiji aweza kuifungua bila winchi wala lori. Ndani ya kisima mna bomba la plastiki. Ndani ya bomba hilo mna fito za chuma zilizoshikana kwa ndoano, na mwisho wa fito mna pistoni yenye mpira. Chini kabisa mna valvu inayoruhusu maji kupanda na kuyazuia yasirudi. Pistoni ni nyembamba kuliko bomba, kwa hiyo hutolewa kwa kuvuta fito tu, na bomba likabaki pale pale. Spana moja yatosha.

DALILI NA MAANA ZAKE

1. Mpini mwepesi kama unyoya, maji hakuna. Kwa kawaida mkono husikia uzito wa fito na maji. Uzito ukitoweka ghafla, fito zimekatika au zimeachana. Hapa usiendelee kupiga pampu, utajichosha bure. Fungua kifuniko, vuta fito zilizobaki, uone zimeishia wapi.

2. Mpini una uzito wake, lakini maji ni machache. Hapa mshukiwa wa kwanza ni mpira wa pistoni, kwani umelika na maji yapita kando yake. Tunaweza kupima kwa hesabu ya darasani. Silinda ina kipenyo cha sentimita 5, na pistoni hupanda sentimita 22.5 kila mpini ukisukumwa hadi mwisho. Chukua 3.14, zidisha kwa 2.5, tena kwa 2.5, kisha kwa 22.5. Utapata sentimita za ujazo 441, yaani karibu nusu lita kasoro kidogo. Kwa hiyo mtungi wa lita 20 wahitaji mapigo kama 45 au 50. Ukifika 80 na mtungi bado, mpira umechoka. Lakini angalia mpigaji asiwe mtoto anayepiga nusu nusu, maana hesabu itaharibika.

3. Maji hutoka vizuri, ila asubuhi lazima upige sana kabla hayajatokea. Maji yaliyokuwa bombani yamerudi kisimani usiku. Jaribio lake ni hili: piga hadi maji yatoke, pumzisha pampu nusu saa, kisha piga tena ukihesabu. Yakizidi mapigo matano kabla ya kutoka, kuna uvujaji. Anza kukagua valvu ya chini na mpira wake wa duara, kwa kuwa huvuliwa kwa fito bila kung'oa bomba. Ukibadilisha na hali ikawa ile ile, hapo ndipo ushuku bomba limepasuka au kiungo kimeachia.

4. Maji hutoka vizuri, kisha yakatika, na ukingoja yanarudi. Hiyo si pampu kuharibika. Kisima kimepungukiwa, na hasa miezi ya kiangazi maji hushuka chini ya silinda. Hapo hata ukinunua mipira kumi hutasaidika.

5. Mpini wacheza kushoto na kulia, au wagonga "ko ko ko". Bush za plastiki zimelika, au nati zimelegea. Watu huidharau dalili hii kwa sababu maji bado yatoka. Kumbe mpini unaocheza huzivuta fito upande, na fito zikavutwa upande huzaa ile dalili ya kwanza.

6. Mpini mzito kuliko kawaida. Ikiwa mpira umebadilishwa jana, subiri, utalainika. Ikiwa haukubadilishwa, pengine mchanga umeingia kwenye silinda au fito zakwaruza bomba.

7. Maji yana mchanga, tope au chumvi. Mchanga watoka kwenye kisima chenyewe. Tope baada ya mvua mara nyingi laonyesha kwamba sakafu ya simiti imepasuka, na maji machafu yaingia. Maji hayo yachemshwe au yatiwe dawa hadi sakafu izibwe. Chumvi nayo ni habari ya ardhi: karibu na ufuo, maji ya bahari huweza kuingia katika mawe ya matumbawe, hasa yanapovutwa maji matamu mengi kupita kiasi. Hakuna spana ya kuondoa chumvi.

KWA NINI TUJUE

Kuna pampu moja upande wetu wa Msambweni iliyoanza kutoa maji kidogo kidogo. Akaletwa fundi, akaitazama bila kuifungua, akasema, "Hii imekufa, changeni mnunue nyingine." Kila nyumba ikaambiwa itoe pesa, na zisingepatikana haraka. Muda wote huo wasichana walikwenda kisima cha wazi cha mbali, wakaingia darasani rejista imeshaitwa. Na kisima cha wazi ndiko watokako wagonjwa wa kuhara.

Bibi mmoja wa kamati, aliyekuwa akiitunza pampu hiyo toka zamani, akasema, "Hebu ngojeni kwanza, wanangu." Akaushika mpini, akausikia una uzito wake. Akamwita mjukuu wake: "Mwanangu, hesabu kwa sauti nisikie." Mtungi ulijaa kwa mapigo 96. "Basi fito ni nzima," akasema, "mpira huo ndio umelika." Mpira mpya ukatiwa kabla ya adhuhuri, na mtungi ukajaa kwa mapigo 47. Ile michango ikarudishiwa wenyewe. Yule bibi hakusoma hata darasa moja, lakini alijua kuuliza pampu kabla ya kuihukumu.

PAMPU ZINAZOTUMA UJUMBE

Sayansi nayo haikulala. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford walitengeneza kifaa kidogo kinachowekwa kwenye mpini. Kifaa hicho huhesabu mwendo wa mpini na kutuma habari kwa mtandao wa simu. Pampu ikinyamaza isivyo kawaida, fundi ajua. Kilipojaribiwa Kyuso, Kitui, muda wa pampu kukaa imeharibika ulishuka kutoka wastani wa siku 27 hadi chini ya siku 3. Kwale nako vifaa hivyo vilifungwa kwenye pampu nyingi, na ikaanzishwa huduma ya matengenezo iitwayo FundiFix. Mwaka 2017 watafiti hao walionyesha, kwa pampu za Kwale, kwamba mtetemo wa mpini waweza kukadiria kina cha maji ardhini. Yaani ule uzito alioupima bibi kwa mkono, kompyuta nayo yaupima!

Hata hivyo, kifaa chaweza kusema tu kwamba pampu imenyamaza. Kujua kama ni fito, mpira au kiangazi, bado yahitaji mtu pale kisimani.

USHAURI WANGU

Kwanza, kila kamati iwe na daftari, na kila mwezi ihesabu mapigo ya mtungi mmoja na kuandika. Namba ikipanda mwezi kwa mwezi, mpira wanunuliwa kabla pampu haijakatika. Pili, mpira na bush vibadilishwe kila mwaka, visingojewe kufa. Tatu, fundi akisema kitu kimeharibika, aombwe aonyeshe dalili. Nne, sisi wanafunzi tusiwaachie wazee peke yao. Kuhesabu mapigo na kuandika daftari hakutaki cheti, na hesabu za silinda tumefundishwa.

Wasomaji wenzangu, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mkirudi nyumbani likizo hii, nendeni kisimani na mtungi mmoja, mhesabu.