Duka Limefungwa, Ruta Iko Wazi

Ukipita Mowlem usiku, huko Embakasi Magharibi, utasikia mageti ya chuma yakifungwa duka baada ya duka. Kemisti anafunga, hadiwea inafunga, saiba inafuata. Kinachobaki wazi ni ruta ya Wi-Fi. Taa zake huwaka hadi asubuhi, na mara nyingi neno lake la siri ni lile lile ililotoka nalo kiwandani.

Intaneti ya mtaani huuzwa rejareja kama unga. Muuzaji huinunua kwa jumla kutoka kampuni kubwa, huivuta kwa waya kutoka ploti hadi ploti, kisha huigawa kwa saa, siku au wiki, malipo yakipitia M-Pesa. Wengi wa wauzaji hawa hutegemea ruta za MikroTik kutoka Latvia, kwa kuwa bei yake inawezekana na zinajua kuhesabu muda wa kila mteja. Mwaka 2018 ruta hizo ziligunduliwa kuwa na ufa: mtu aliye mbali aliweza kusoma maneno ya siri yaliyohifadhiwa ndani. Kampuni ilitoa programu ya kuziba ufa huo Aprili, tena bure. Kufikia Agosti, ruta zaidi ya 200,000 duniani zilikuwa zimetekwa ili kuwachimbia wezi sarafu za kidijitali. Wenyewe hawakuwa wamesasisha programu.

Kuna mashambulio ambayo Mowlem haiwezi kuyazuia. Julai 2023, eCitizen, tovuti ya huduma za serikali ya Kenya, ilipozidiwa na mafuriko ya maombi bandia, mwenye saiba hakuwa na la kufanya ila kungoja. Uvamizi wa ruta ni jambo jingine, maana funguo zake anazo mwenye duka. Waya mmoja hubeba simu ya mpangaji anayetazama mpira na kompyuta ya kemisti yenye majina ya wagonjwa na hesabu za madeni. Simu ikiwa na programu hasidi, inaweza kuifikia kompyuta hiyo. Aprili 2023 Naivas ilitangaza kuvamiwa na wahalifu wanaofunga data na kudai fidia. Duka kubwa lina uwezo wa kukodi wataalamu. Kemisti wa Mowlem ana fundi mmoja wa waya tu.

Sheria nayo haimwachi nje kwa sababu ya udogo wake. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inataka uvujaji wa data unaoweza kuwadhuru watu uripotiwe kwa Kamishna wa Data ndani ya saa 72. Faini inaweza kufika shilingi milioni 5 au asilimia 1 ya mapato ya mwaka, yoyote iliyo ndogo.

Kwa hiyo, mwenye duka, fundi akija usimwachie kazi peke yake. Mwambie atenganishe mtandao wa wateja na ule wa kompyuta ya mauzo, asasishe programu ya ruta, na abadilishe neno la siri ukimtazama. Nakala ya hesabu zako iweke kwenye flashi, kisha uichomoe.