Bili ya Pombe Isiyotajwa

Ukiacha barabara kuu ya Thika pale Ruiru ukashika Eastern Bypass, Kamakis inakupokea kwa moshi wa nyama choma na baa zilizopangana bega kwa bega. Anayekunywa bia mbili akaenda zake sina neno naye. Namzungumzia yule ambaye mwili wake hauwezi tena kukaa bila pombe, na gharama anazobebesha familia bila pombe kutajwa popote kwenye bili.

Chukua mtu aliyekunywa mfululizo kwa wiki kadhaa. Jumapili pesa zinamwishia, anaacha ghafla. Jumatatu mikono inatetemeka na jasho linamtoka, na kabla siku mbili hazijapita anaanguka na kukakamaa. Jamaa wanamkimbiza hospitali ya Ruiru au ya Thika Level 5. Asipoulizwa alikunywa lini mara ya mwisho, huenda akaandikiwa kifafa, akapigwa picha ya ubongo, akalazwa, kisha akarudi nyumbani na dawa zisizogusa kiini cha tatizo. Akianza tena kunywa, safari ni ileile. Alichohitaji tangu mwanzo ni diazepamu na vitamini B1, dawa za bei nafuu, halafu matibabu ya uraibu wenyewe. Mwenzake ataletwa na mguu uliovunjwa na bodaboda, mwingine akitapika damu kwa kuwa ini limejaa makovu. Kila idara inatibu kipande chake na kutoza chake.

Harold Holder na James Blose walipima jambo hili Marekani, wakapitia rekodi za matibabu za miaka 14 na kuchapisha matokeo mwaka 1992. Baada ya kuzingatia umri na hali ya afya ya awali, gharama za waliotibiwa uraibu zilikuwa asilimia 24 chini ya za wale ambao hawakutibiwa. Wote hao walikuwa na bima. Kwetu, ambako wengi hulipa kutoka mfukoni, akiba hiyo ni shamba lisilouzwa na karo isiyoliwa na bili.

Mwaka 2018 kaunti ya Kiambu ilianzisha Kaa Sober, mpango uliowapa walevi vibarua vya shilingi 400 kwa siku. Kazi humpa mtu heshima yake, lakini haitulizi ubongo unaodai pombe. Tiba ndiyo itangulie.

Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA), iliyochukua nafasi ya bima ya taifa ya afya, NHIF, Oktoba 2024, imeweka matibabu ya uraibu katika kifurushi cha afya ya akili. Kwa hiyo, kabla hujachangisha harambee, uliza hospitali iliyo karibu nawe inatoa huduma gani kati ya hizo. Na ndugu yako akitetemeka asubuhi mpaka apate kileo, usimfungie chumbani eti aache kwa nguvu. Kuacha ghafla kunaweza kumuua. Mpeleke hospitali, na daktari asipouliza kuhusu pombe, mwambie wewe.