Kuvumwani Kwenye Nyasi: Anza na Upande wa Kusini wa Ukuta

Mvua za Agosti zikikolea Nakuru, nyasi za nyumba nyingi mtaani Free Area huanza kuachana kando ya ukuta, na katikati yake hutanda utando laini wa kijani unaoteleza. Hiyo ni kuvumwani. Mwenye nyumba hukimbilia agroveti kutafuta dawa, akidhani kuvumwani ndiyo iliyoua nyasi zake.

Kuvumwani haili nyasi. Haina mizizi ya kweli. Hujishikiza juu ya udongo kwa nyuzi nyembamba na kufyonza maji kupitia vijani vyake. Jua la Januari huinyausha bila kuiua, na mvua ikirudi inachipuka tena. Huingia pale nyasi zilipokwisha kushindwa. Ukiiua bila kuondoa kilichozishinda nyasi, itarudi msimu ujao.

Kinachozishinda zaidi ni kivuli. Nyasi za Kikuyu, ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki, hupenda jua la wazi. Vitabu vya Ulaya husema kuvumwani hupenda upande wa kaskazini wa nyumba, lakini sisi tuko karibu kabisa na Ikweta. Kuanzia mwishoni mwa Machi hadi mwishoni mwa Septemba, jua letu la adhuhuri huwa kaskazini, na mvua za Aprili, Mei na Agosti hunyesha wakati huo huo. Mwezi Juni, ukuta wa futi 8 hutupa kivuli cha futi 3 na nusu hivi upande wa kusini hata saa sita mchana. Ukanda huo unapata maji mengi na jua kidogo, kwa hiyo uchunguze kwanza.

Cha pili ni udongo ulioshindiliwa. Viwanja vingi vilikanyagwa na malori ya mawe na kokoto wakati wa ujenzi, kisha nyasi zikapandwa juu ya udongo mgumu. Ingiza jembe uma kina cha sentimita 10, litikise bila kupindua udongo, kisha usogee hatua moja na kurudia. Tandaza samadi iliyooza vizuri ili ijaze matundu yaliyoachwa na jembe.

Cha tatu ni maji yasiyo na njia. Angalia tangi linalofurika na mfereji wa mabati unaomwaga pale pale kila siku. Yaelekeze maji hayo kwingine kabla ya kununua chochote.

Kuhusu chokaa, usiimwage kwa kukisia. Husaidia udongo wenye asidi tu, na penye mabaki ya saruji huenda asidi haipo kabisa. Peleka sampuli ya udongo ipimwe, kwa mfano katika maabara ya shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, kule Kabete. Salfeti ya chuma huifanya kuvumwani iwe nyeusi na kufa, ila huacha madoa ya kutu kwenye kabro na saruji. Chumvi na dawa za kung'arisha nguo usizitumie kamwe, kwani huua nyasi na kuharibu udongo.

Sasa kupanda. Nyuma ya ukuta, upande wa kusini, msimu mzuri ni Oktoba na Novemba: jua limehamia kusini na mvua za vuli zipo. Kwangua kuvumwani kwa reki, legeza udongo, kisha panda vipande vya nyasi vyenye vifundo; nyasi za Kikuyu hutambaa na kuziba mapengo zenyewe. Zikishashika, nyunyiza mbolea ya CAN gramu 20 kwa kila mita 1 ya mraba, na umwagilie maji mara moja. Unapokata, acha urefu wa sentimita 5. Kuzinyoa hadi udongo uonekane ni kuikaribisha kuvumwani.

Pana sehemu ambazo jua halifiki mwaka mzima, kama kichochoro kati ya nyumba mbili. Hapo usipoteze fedha kwa nyasi. Tandaza kokoto, au penye unyevu wa kudumu na mwanga kiasi, panda nduma, zitakupa chakula. Jua ulilonalo ndilo likuamulie nyasi zipandwe wapi, na ukilifuata, kazi ya dawa itakuwa ndogo sana.