Mchezo gani huu wa kumtoa kijana jasho usiku?

Mapema mwaka huu mama mmoja aliingia katika chumba changu cha matibabu akiwa na mwanawe wa miaka 20, mwanafunzi wa chuo. Kijana alikuwa na macho mekundu. Alilalamika kwamba moyo humdunda usiku na usingizi umemhama.

Mama hakungoja niulize. "Daktari, huyu mtoto ana mambo. Usiku wa manane nimemkuta amejifungia gizani, anatoka jasho, anatazama maiti zinazotembea. Nikimwuliza, asema ni mchezo. Mchezo gani huo wa kumtoa mtu jasho?"

Tayari alikuwa amempeleka kwa mhubiri akaombewe. Naye jirani alikuwa amemnong'oneza kwamba hizo ni dalili za dawa za kulevya. Nilimpima kijana. Moyo wake ulikuwa mzima, damu yake ilikuwa ya kutosha, tezi ya shingo haikuwa na kasoro, na mkojo haukuonyesha dawa yoyote ya kulevya. Alichokuwa akifanya ni kucheza michezo ya video ya kutisha, peke yake, kuanzia saa sita usiku hadi karibu alfajiri, huku akinywa vinywaji vya kuongeza nguvu ili asisinzie.

Swali la mama yule ni zuri, na si yeye wa kwanza kuniuliza. Kwa nini mtu mwenye akili timamu atumie pesa na usingizi wake kujitisha? Wiki hii, msomaji, tuliangalie jambo hili pamoja.

NI MICHEZO YA AINA GANI?

Michezo hii si mipya. Mwaka wa 1989 kampuni ya Capcom ya Japani ilitoa mchezo ulioitwa Sweet Home, ambamo watu kadhaa wamenaswa katika jumba lenye mzuka. Mwaka wa 1992 Ufaransa ilitoa Alone in the Dark. Lakini ulioisambaza aina hii duniani ni Resident Evil, uliotolewa na Capcom mwaka wa 1996 kwa mashine ya PlayStation.

Katika michezo mingi ya video mchezaji ni shujaa mwenye risasi zisizokwisha. Katika hii, mchezaji ni mnyonge. Ndani ya Resident Evil risasi ni za kuhesabu, mfuko wa kubebea vitu hujaa upesi, na hata kuhifadhi ulipofikia kwahitaji utepe wa wino wa taipureta, ambao nao ni haba. Katika Silent Hill wa mwaka wa 1999, baba anamtafuta bintiye katika mji uliojaa ukungu, na redio yake ndogo hukwaruza kila dude la kutisha linapokaribia. Mchezaji husikia hatari kabla ya kuiona.

Baadaye hata silaha ziliondolewa. Katika Amnesia: The Dark Descent, uliotoka Uswidi mwaka wa 2010, mchezaji hana la kufanya ila kujificha. Akikaa gizani akili yamruka, akiwasha taa mafuta yanaisha. Katika Outlast, wa mwaka wa 2013 kutoka Kanada, mwandishi wa habari amenaswa katika hospitali ya wagonjwa wa akili akiwa na kamera tu, na betri zake humalizika. Kama daktari sipendi jinsi mchezo huo unavyowaonyesha wagonjwa wa akili kama wanyama wakali, maana wengi wao hawamdhuru mtu. Hata hivyo, twaona mtindo ni ule ule: vifaa vichache, giza, na mtu peke yake.

MWILI WAFANYA NINI?

Mnamo mwaka wa 1915 mtaalamu wa Kimarekani, Walter Cannon, alichapisha kitabu kilichoeleza jinsi mwili unavyojiandaa kupigana au kukimbia unapokabiliwa na hatari. Maelezo yake tunayafundisha hadi leo.

Ndani ya ubongo kuna kijisehemu chenye umbo la lozi kiitwacho amigdala. Kazi yake mojawapo ni kupiga kamsa. Kikisikia mlango ukilia nyuma yako hakingoji ushahidi. Hupeleka habari, na tezi zilizoketi juu ya figo humwaga homoni ya adrenalini katika damu. Moyo huenda mbio, pumzi hupanda, mboni za macho hupanuka, viganja hutoa jasho, na ini huachilia sukari ili misuli iwe na nguvu.

Sehemu ya mbele ya ubongo, ile ya kufikiri, huchelewa kidogo. Ikifika husema, "Tulia, hiki ni kioo tu." Lakini kufikia hapo adrenalini imekwisha kumwagika. Ndiyo maana yule kijana alitoka jasho la kweli kwa ajili ya dude la uongo.

Ili nisizungumze nisiyoyajua, nilimwomba anionyeshe mchezo wake. Nilijipima mshipa wa mkono kabla ya kuanza: mapigo 74 kwa dakika. Baada ya robo saa katika ujia wenye giza, huku nimevaa hedifoni, nilikuwa na mapigo 112. Na sikuwa nimeona kitu chochote bado! Nilikuwa nimesikia nyayo tu.

UTAMU WATOKA WAPI?

Wataalamu hutaja sababu kadhaa, nami nitazieleza nne.

Kwanza ni nafuu. Adrenalini haiishi mwilini mara hatari inapopita. Mwanasaikolojia Dolf Zillmann alieleza kwamba msisimko ulioletwa na hisia moja huweza kuipa nguvu hisia inayofuata. Ukifika chumba salama, furaha yako huwa kubwa kuliko furaha ya kawaida, kwa sababu moyo ungali unakwenda mbio.

Pili ni kiasi. Watafiti wa Denmaki walichapisha mwaka wa 2020 uchunguzi wa watu 110 waliovishwa vipima moyo na kuingizwa katika jumba la vitisho. Waliofurahi zaidi hawakuwa wale walioogopa kidogo wala wale walioogopa kupita kiasi, bali wale waliokuwa katikati. Hofu ni kama pilipili katika mchuzi. Lilikuwa jumba, si mchezo wa video, lakini mchezo wa video una faida moja: mchezaji mwenyewe hupunguza sauti, huwasha taa ya chumba au husimamisha mchezo.

Tatu ni ustadi. Mchezaji hufa, hurudi, hujifunza njia za adui, hubana risasi zake, kisha hushinda. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, walisema wahenga, nao wachezaji wanalifahamu hilo vizuri. Dude lililomtetemesha Jumatatu huwa fumbo la kufumbua ifikapo Ijumaa.

Nne ni mazoezi. Wengi wetu tuliolelewa na nyanya zetu tunakumbuka hadithi za mazimwi kando ya moto. Tulijificha ndani ya shuka, kisha tukaomba nyingine. Kujizoesha hofu mahali palipo salama ni jambo la kale. Utafiti mmoja uliochapishwa mwaka wa 2021 ulionyesha kwamba wapenzi wa filamu za kutisha walikuwa na fadhaa kidogo kuliko wengine wakati wa janga la Covid-19. Tahadhari lakini: hilo halithibitishi kwamba filamu ndizo zilizowapa uthabiti. Yawezekana watu wenye uthabiti ndio wapendao filamu hizo.

KWA NINI PEKE YAKE?

Hili ndilo lililomsumbua mama zaidi. Mkitazama filamu ya kutisha mkiwa wengi, mmoja atacheka na hofu itapungua. Ukiwa peke yako hakuna wa kugawana naye. Tena katika filamu waweza kufumba macho na mwigizaji ataendelea na safari yake. Katika mchezo, usipobonyeza kitufe hakuna kinachosonga. Ni wewe unayefungua ule mlango. Ukifaulu, sifa ni zako peke yako, na ukishindwa mara kumi hakuna wa kukucheka.

Nilipomwuliza kijana huyo swali hili, mama akiwa amekwenda kulipa, alinyamaza kidogo. Kisha akaniambia kwamba babake alifariki miaka miwili iliyopita na habari zilikuja kwa simu saa nane za usiku. Tangu hapo, saa hizo huwa hawezi kulala. "Daktari," akasema, "hii ya mchezo nikitaka naizima. Ile nyingine haizimiki."

Msomaji, huyo hakuwa na pepo. Alikuwa na huzuni ambayo hakuna aliyemwuliza habari zake, hata mimi nilipokuwa nikimpima damu na mkojo.

WASIOFAA KUCHEZA

Michezo hii si ya kila mtu. Wako watu ambao kwa maumbile hawapendi msisimko mkali, na hilo si ugonjwa wala woga wa kuchekwa.

Watoto wasiicheze. Mtoto mdogo hatenganishi vizuri ya kweli na ya kubuni, na jinamizi laweza kumsumbua kwa majuma mengi. Mingi ya michezo hii huwa na alama ya miaka 17 au 18 kwenye kasha. Mzazi, isome kabla ya kulipa.

Wenye kifafa kinachochochewa na mwanga wajihadhari. Mnamo Desemba 16, 1997 nchini Japani, kipindi kimoja cha katuni za Pokémon chenye mwanga wa kumetameta kiliwafanya watoto wapatao 685 kupelekwa hospitalini.

Wenye ugonjwa wa moyo, hasa wale ambao mapigo yao huvurugika kwa kushtuliwa, wamwone daktari kwanza. Nao waliopitia mashambulizi ya kweli, iwe ni wizi wa mabavu au ghasia za mwaka wa 2007 na 2008, huenda mchezo ukawarudishia kumbukumbu chungu badala ya kuwaburudisha.

Jambo jingine ni uraibu. Shirika la Afya Duniani lilikubali mwaka wa 2019 kuuorodhesha uraibu wa michezo ya video miongoni mwa magonjwa, na orodha hiyo ilianza kutumika Januari 1, 2022. Dalili zake ni mtu kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya mambo mengine yote, na kuendelea hata baada ya kuona madhara, aghalabu kwa muda wa miezi 12. Kucheza sana wakati wa likizo pekee si ugonjwa.

USHAURI WANGU

* Mchezo ukome angalau saa moja kabla ya kulala. Adrenalini na usingizi havikai nyumba moja. Mtu mzima ahitaji saa saba au zaidi za usingizi, kijana wa sekondari saa nane hadi kumi.

* Usichanganye mchezo wa kutisha na kahawa au vinywaji vya kuongeza nguvu. Kafeini huongeza mdundo wa moyo.

* Moyo ukikudunda hata wakati huchezi, au ukizirai, au ukipata maumivu ya kifua, nenda hospitalini. Usiseme ni mchezo tu.

* Mzazi, usianze na kelele wala kupokonya mashine. Keti kando yake, uliza mchezo unahusu nini, kisha uliza yu hali gani. Swali la pili ndilo dawa.

Yule kijana nilimwachisha vile vinywaji, nikamhamishia mchezo wake jioni, na nikampeleka kwa mshauri nasaha. Baada ya wiki sita usingizi ulikuwa umerudi na mdundo umekwisha. Angali anacheza, nami sikumkataza.

Mama aliniambia kwamba jioni moja aliketi naye kutazama. Lile dude lilipotokea alipiga mayowe hata jirani akaja kubisha. Kijana alicheka, akasimamisha mchezo, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi wakazungumza kuhusu marehemu hadi chakula kikapoa.